Ugali Niliokataa Kula

Shule mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika ninavyosema. Asiyependa afunge ukurasa.

Niliwapikia mafundi wa reli upande wa Gulwe mpaka kambi ikavunjwa. Walipakia mahema, wakapakia na masufuria, mimi wakaniachia mafiga. Tangu hapo nikakaa bila kazi miaka, si miezi. Mwanangu akanichukua nikaishi kwake mjini, Area D. Mkwe wangu ni mtu mwema, namsifu popote, ila wema wake ndio ulionichoma. Nikishika ufagio ananipokonya: "Mama, pumzika." Nikiingia jikoni ananivutia kiti: "Mama, wewe kaa tu." Nilikaa tu mpaka wajukuu wakaanza kuniuliza kama naumwa. Mimi, niliyejenga nyumba kijijini na kusomesha watoto kwa mwiko, leo naoneshwa kiti! Nikaapa nitapata kazi nile jasho langu, la sivyo narudi kijijini nikafie shambani na jembe mkononi.

Nikazunguka mjini, hoteli hadi hoteli. Waliniamkia kwa adabu, kisha wakaniuliza cheti. Cheti cha kusonga ugali! Binti mmoja akaniambia, "Bibi, sisi tunatafuta vijana." Nikamwambia, "Haya, wakija muwapakue muwale." Kazi sikupata, lakini nilitoka pale moyo umetulia.

Ndipo dada yangu akalazwa Mvumi, nikaenda kumuuguza. Alipopata nafuu nikawa natoka kidogo kunyoosha miguu. Njia yangu ilipita nyuma ya shule moja ya bweni, na jikoni niliwaona wanaume wawili tu wanahangaika na masufuria yanayotaka watu wanne. Wanakoroga huku, kule kunafurika. Nikasimama nikawaangalia mpaka mikono ikaniwasha.

Kesho yake nikaenda kwa mkuu wa shule mwenyewe. Sikumtuma mtu, sikupita mlango wa nyuma.

"Shikamoo mama. Una mtoto hapa?"

"Marahaba. Sina. Nimekuja kupika."

"Pole mama, nafasi hakuna."

"Sijauliza nafasi, mwalimu. Nauliza jiko liko upande gani."

Akacheka. "Na malipo je?"

"Kwani mimi nimetaja malipo?"

Akataka mtu anayenijua. Nikamletea mchungaji wa kanisa analosali dada yangu, akanisemea. Basi nikafunga kanga kiunoni nikaingia.

Mpishi mkuu alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu mwenye kofia safi na mdomo usiopumzika. Aliponiona nimeshika mwiko wao, mrefu kama kasia, akapiga makofi. "Bibi, mwiko huo utakubeba!"

"Wewe mdomo wako umekubeba miaka yote, mbona hujaanguka?"

Tukaelewana tangu siku hiyo. Nilisonga, nilichagua maharage, nilipasua kuni. Ila chakula kikiiva wakinipakulia, nasema nimeshiba. Najitenga nyuma ya stoo, nakula viazi vyangu nilivyokuja navyo. Siku ya kwanza walidhani naona aibu. Siku zilivyozidi, yule wa Kondoa akapunguza utani. Mwenzake akawa ananiangalia mikono kila nikisogelea sufuria. Mimi sikujali, kwa kuwa nilijua ninachofanya. Lakini sikufikiria wao wanaona nini. Wanaona bibi asiyejulikana kwao, anapika kwa bidii bila kulipwa, na chakula chake mwenyewe hakitii mdomoni. Wewe ungekula?

Mchana mmoja mkuu wa shule akaja jikoni mwenyewe. Wapishi wote wawili wamesimama mlangoni kama kwenye msiba.

"Mama, wenzako wana hofu," akasema. "Wanasema huli unachopika. Hapa kuna watoto wa watu. Chukua sahani ule mbele yetu, au turuhusu tuagane kwa amani."

Nikaweka mwiko chini. Nikaona kazi yangu inakwenda, na kukataa kwangu kula ndiko kunakoifukuza.

"Mwalimu," nikasema, "sina sumu wala uchawi. Kwetu ukialika watu wakulimie, unawapikia pombe. Mtu akishakunywa, kalipwa, harudi kesho kudai. Mimi nikila ugali wako leo, umenilipa, tumemalizana. Mimi sitaki tumalizane. Nataka kazi."

Mkuu wa shule hakuwa mtu wa kwetu. Akamgeukia yule wa Kondoa. "Ni kweli haya?"

Yule bwana akavua kofia akajikuna kichwa. "Sisi pombe hatunywi, mwalimu, tunachinja mbuzi. Lakini ndivyo ilivyo. Ukishakula nyama ya mtu huna la kumdai." Kisha akanigeukia mimi kwa hasira kabisa. "Bibi, si ungesema? Mimi nimeshinda naomba dua kila nikinawa!"

"Ningesema, ungenilisha kwa nguvu."

Mkuu wa shule akasema nile kwanza, mengine tutayazungumza baadaye. Nikakataa. Nilimwambia wazi kwamba baadaye siijui, na kama ni kuniondoa aniondoe sasa hivi nikiwa bado namdai. Sauti haikutetemeka, na hilo najisifia mpaka leo. Akatoka nje na simu yake. Tulimsikia akiongea na mtu wa bodi, anatembea anarudi, huku ugali unapoa.

Akarudi. "Kibarua, muhula huu. Ukifaa tunaendelea. Sasa mama, nakuomba, kula."

Nikanawa, nikakaa chini katikati yao, nikamega tonge, nikachovya. Wote watatu wananitazama mdomoni. Nikatafuna polepole, nikameza. Nikamwambia yule wa Kondoa maharage yake yamezidi chumvi.

"Yarabi," akasema, akavaa kofia yake, "huyu tumemwajiri wenyewe."

Nikasogeza sahani anipakulie tena.