Hamira ya Zambarau

Shangazi yangu alifanya kazi ya kuingiza mikono kwenye kabati la kioo. Ukimuuliza anafanya nini kiwandani, anakujibu, "Napika plastiki." Uongo mtupu. Wapishi walikuwa wenzake wa kwenye matangi; yeye aliwatilia hamira tu.

Ndivyo walivyouita ule unga wa zambarau uliotokana na metali ya titani na klorini. Kijiko kimoja kikiingia tangini, gesi iliyokuwa ikizurura humo inashikana mikono, inakuwa minyororo mirefu isiyoonekana, na jioni watu wanazoa magunia ya punje nyeupe za kutengenezea ndoo na viti. Lakini unga wenyewe ulideka kuliko bibi harusi. Hewa yenye unyevu ikiugusa, unafuka moshi na kufa. Kwa hiyo uliishi kwenye kabati lililojaa naitrojeni, gesi kavu isiyoudhuru, na shangazi aliushika kwa glavu ndefu za mpira zilizobanwa kwenye kioo. Vitu vilipitishwa chumba kidogo cha pembeni chenye milango miwili, na wa nje haufunguliwi mpaka wa ndani ufungwe. Hata mtoto angeelewa.

Alipapenda pale. Alisema ukiitazama zambarau ile, huku naitrojeni ikinong'ona, unasahau kama mikono ni yako. Nadhani hata kuolewa alisahau palepale.

Dereva wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, hakumsahau. Miaka nenda miaka rudi alimsalimia mlangoni, akatafuta sababu ya kupita tena. Kisha akapata kazi kiwanda cha mbali.

"Bibie, kesho naondoka," akamwambia. "Ukisema nibaki, nabaki. Ukinyamaza, nitaelewa."

"Safari njema," shangazi akajibu, akaingia kazini. Mkaidi yule! Nampenda, lakini ningekuwepo ningemfinya.

Akapima unga, mikono iko kwenye glavu, moyo uko uwanjani foklifti inakonguruma. Akachomoa mkono mmoja, akafungua mlango wa nje. Wa ndani ulikuwa wazi.

Moshi mweupe ukajaa kabatini polepole, kama ukungu wa asubuhi, na chini yake zambarau ikafifia. Alikuwa hajawahi kuua unga hata siku moja. Alisimama akitazama, mwili mwepesi, na hapo ndipo alipojua kwamba anampenda yule mwanamume na hawezi kuvumilia aende.

Msimamizi akaja mbio. "Bibie, ulikuwa unawaza nini?"

"Mwanamume."

Shangazi akavua koti la kazi, akatoka hadi uwanjani, akasimama mbele ya foklifti mpaka dereva akazima injini.

"Nimeharibu unga," akasema.

"Wewe? Pole sana. Imekuwaje?"

"Sitaki pole yako. Usiende."

Dereva akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa foklifti ilikuwa imesimama.

"Kesho?"

"Hata kesho kutwa."