Korongo Aliyevaa Kipande

Juzi, katika ofisi moja ya kilimo hapa Nyeri, mzee wa Gatitu aliweka korongo juu ya kaunta. Ni wale weupe wanaotoka Ulaya mvua za vuli zikikaribia. Huyu alikuwa amevunjika bawa, na macho yalikuwa yanajifumba.

"Mzee, hapa hatutibu kuku," karani alisema, nasi kwenye foleni tukacheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka kuliko wote.

Mzee hakucheka. Aliinua mguu wa ndege, akaonyesha pete ya chuma yenye namba. "Sitaki dawa. Nataka koleo. Wamemvalisha kipande."

"Hiyo si kipande," karani alisema, sasa kwa upole. "Wazungu wanamwekea ndio wajue tu mahali anaenda."

"Hata yangu walisema hivyo." Mzee aligusa kifua, pale kipande chake, kile cheti cha lazima ndani ya kikebe cha chuma, kilipokuwa kikining'inia enzi za mkoloni. "Kijana yangu, kata hii kitu kabla hajakufa."

Karani akaenda kutafuta koleo. Aliporudi, shingo ya ndege ilikuwa imelala juu ya kaunta. Aliikata pete hata hivyo. Mzee akamfunika korongo kwa koti lake, akaondoka naye, pete akaiacha palepale.

Jumapili kanisani nilimshukuru Mungu kwa uhuru wetu. Lakini kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimepapasa mfuko mara mbili, nihakikishe nimebeba kitambulisho.