Tulipopunguza Riba Mamba

Mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha kikoba chetu cha kuweka na kukopa, huku kijijini Mamba, nikasema riba ni kubwa mno, tuikate nusu. Kelele nilizopiga siku ile nazijua mwenyewe. Wenzangu wakakubali, nikarudi nyumbani kifua mbele. Sasa watu watakopa kwetu, nikajiambia, wataachana na yule dalali wa tangawizi anayekupa hela leo kisha anavuna shamba lako kwa bei anayoitaka yeye.

Wiki zikapita, hakuna aliyekuja kukopa. Nikadhani habari hazijasambaa.

Asubuhi moja nikapita kwa mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki. Nikakuta vijana wa dalali shambani kwake wanang'oa tangawizi changa, ngozi bado laini, unaimenya kwa kidole. Tangawizi changa haifai kwa mbegu, na ile ndiyo ilikuwa mbegu yake yote ya msimu ujao.

"Shikamoo, mama mdogo. Ni nini hiki?"

"Marahaba. Mdogo wako alilazwa Same, hela ikatakiwa palepale."

"Si ungekuja kwetu? Riba tumeshusha. Huyu anakunyonya, jamani, huoni?"

"Naona. Riba yenu nimeisikia, na yake naijua." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Mwaka jana jirani yangu alichelewa kulipa kwenu. Mkaenda kikundi kizima na sare zenu, mkamtolea godoro nje, watoto wanatazama. Jumapili mkakaa naye benchi moja kanisani. Dalali ananimalizia tangawizi, lakini ndani kwangu hajawahi kuingia."

Miezi yote ile nilikuwa nagombana na riba, kumbe watu wanaliogopa godoro. Tungeishusha mpaka sifuri, bado mama mdogo angekwenda kwa dalali.

Vijana walikuwa wanafunga viroba. Nikamwambia asihangaike, mbegu nitampa mimi, anirudishie akivuna, na riba sitaki.

Hakushukuru. Alikung'uta udongo mikononi, akaniangalia mimi niliyekulia jikoni kwake, akauliza bila utani wowote:

"Na nisipoweza kurudisha, mtakuja wangapi?"