Hedifoni za Mama wa Upande wa Kushoto

Kuna wanaume wakipata mke mwingine huhama. Huenda kuishi na huyo mpya huko, angalau mke wa kwanza akabaki na mlango wake wa kufunga. Wa huyu mama hakuhama. Alimleta mke mwenza mchana kweupe, ukoo wake ukaitisha kikao, na wifi mtu, ambaye chai aliyokunywa siku hiyo iliandaliwa na huyo huyo anayehukumiwa, akasema nyumba igawanywe. Akaja seremala, akapiga ukuta wa mbao nyembamba katikati ya sebule. Mke mkubwa akapewa upande wa kushoto wenye dirisha moja. Mwenzake akapewa wa kulia wenye madirisha mawili. Madirisha yote matatu yalinunuliwa kwa fedha za mapazia aliyowashonea watu mpaka mgongo ukapinda. Hilo kikao hakikuligusa.

Mbao haina siri. Kila jioni aliporudi kazini alisikia upande wa pili wakizungumza na kucheka. Maneno yenyewe hakuyapata, kwa sababu aliwasha feni hata siku za baridi, akalala na blanketi mbili chini ya upepo alioutaka mwenyewe. Lakini kicheko kilipita juu ya feni. Na kila kilipopita, moyo ulimwambia kuwa anayechekwa ni yeye.

Alitaka kitu kimoja tu: jioni moja, ndani ya nyumba yake, asiisikie sauti ya yule mwanamume.

Alimwambia hivyo fundi mwenzake, mwanamke mnene waliyemwita Redio kwa kuwa akishawaka hazimiki. Walikuwa wamekaa kwenye cherehani zao, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme.

"Nunua hedifoni," Redio akasema bila kuinua macho kwenye pindo lake. "Za maana, za kufunika sikio zima. Siyo zile nyuzi unazouziwa stendi, unafika kwenu sikio moja limekufa."

"Nitaonekana kituko. Mtu mzima na madude kichwani."

"Nani akuone, shoga? Uko peke yako na feni. Na si unakwenda kwa binti yako kumwona mjukuu? Siku nzima kwenye basi, injini inakungurumia, unashuka kichwa kama ngoma. Zitakufaa njiani pia."

Hilo la basi ndilo lililompa sababu ya kusema mbele ya watu. Mchana akateremka dukani.

Muuzaji alikuwa binti mpole, mwenye kucha fupi na subira. Akamwekea tatu mezani. Za kwanza zilikuwa nyekundu, zinang'aa kama pipi. Za pili nyeusi, nzito, zenye mito minene. Za tatu za kijivu, zinakunjika na kuingia kwenye mfuko wake. Binti akaanza kumsomea yaliyoandikwa kwenye maboksi.

"Maandishi yaache, mwanangu," mama akasema. "Mimi sikupelekwa shule. Nipe mkononi."

Akazigeuza kama anavyogeuza shati la mteja kutazama lilivyoshonwa ndani. Nyekundu, ngozi ya mito ilikuwa imegundishwa tu, hakuna uzi hata mmoja. Jasho la mwezi mmoja lingeibandua. Nyeusi zilishonwa vizuri, ila zilimbana kilemba mpaka akahisi mishipa. Za kijivu, mto ukiuvuta unatoka wote.

"Ukichakaa huu nautoa, nauvalisha kitambaa kingine," akasema.

"Hujawahi kuambiwa hivyo na mteja, wewe?" Redio akamchokoza binti, maana naye alikuwa ameteremka, kazi ameiacha.

"Hizo pia zinaua kelele, mama," binti akasema. "Ukibonyeza hapa."

"Kelele gani?"

"Kelele. Ngurumo."

"Twende juu nikazijaribu kwenye cherehani."

Binti akacheka, lakini akamwachia mwenzake duka, wakapanda. Mama akazivaa, akakalia kiti chake, akakanyaga. Cherehani ikaenda mbio na sauti yake haikuwepo. Cherehani za wenzake nazo zikapotea, pamoja na feni kubwa ya dari. Miaka yote ile ya kelele, ikafutika kama chaki.

"Na mimi utaniua na nini?" Redio akauliza.

"Wewe hufi," mama akajibu, wote wakacheka. Hakujiuliza ilikuwaje akamsikia. Akili yake ilikuwa kwenye cherehani: kitu kinachonyamazisha chuma hakishindwi na mwanamume mmoja. Akalipa.

Jioni hiyo alikula mapema, akaosha sahani, akafunga mlango. Akawasha feni kwa mazoea, akavaa hedifoni, akabonyeza. Feni ikanyamaza. Akajilaza, akafumba macho.

"Soksi yangu nyingine iko wapi?" mume wake akasema, wazi, kama amekaa ukingoni mwa kitanda.

Mama akaketi wima. Akabonyeza tena na tena. Feni ikija, maneno yanasagika. Feni ikienda, maneno yanasimama uchi. Alikuwa amenunua, kwa jasho lake mwenyewe, kitu cha kumsikilizia mume wake.

Angeweza kuzivua. Hakuzivua. Alisogea karibu na mbao, akangoja jina lake. Sasa angejua wanavyomsema, na ajue la kuwajibu. Upande wa pili wakazungumza habari ya soksi. Kisha bomba linalovuja. Mwanamke akasema bomba ni la kubadilisha, mume akasema litafungwa na kamba. Mwanamke akacheka, akasema basi na soksi afunge kamba, na kicheko kilikuwa kile kile anachokijua. Kisha wakazungumza bomba tena.

Jina lake halikuja. Halikuja mpaka walipozima taa.

Hilo lilimuuma kuliko matusi. Yeye aliwapa jioni zake zote, usingizi wake na mifupa yake kwenye baridi ya feni, na wao hawakuwa wamempa hata neno moja la kumsengenya. Alilia kidogo, siyo sana, kama mtu anayetoa kibanzi.

Asubuhi akaziweka kaunta.

"Mwanangu, mashine yako imekula feni, imeniachia mume."

Binti akasikiliza yote bila kucheka, ingawa mdomo ulimcheza. "Mama, hizi zinaua kinachonguruma mfululizo. Feni, injini, cherehani. Sauti ya mtu inapanda na kushuka, hiyo inapita. Ulikuwa unasikiliza nini ndani yake?"

"Sikuweka kitu."

"Hata kidogo?"

"Nilitaka kimya."

"Hedifoni tupu ni kofia tu, mama. Kuna kitu gani unapenda kusikiliza?"

Mama akazigeuza hedifoni mkononi. Aliulizwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza, na kwa muda mrefu alikuwa anasikiliza ukuta tu. Binti hakumharakisha. Mwisho akasema, "Hadithi. Nilipokuwa mdogo nilipenda mtu akisimulia."

Binti akachukua simu ya mama, akamtafutia msimuliaji, mzee mmoja mwenye sauti ya polepole. Mama akamsikiliza kwanza kwenye zile nyeusi. Zilizuia duka lote, lakini mzee alisikika kama anasemea ndani ya pipa, na kilemba kikabanwa. Akarudi kwenye za kijivu. Hapa alisikia pumzi ya mzee kabla ya neno, na ulimi wake ukigusa meno. Mlangoni watu walikuwa wanabishana bei, nao wakazama chini ya hadithi bila yeye kuongeza sauti.

"Hizi hizi," akasema. "Nirudishie kwenye mfuko. Na uniwekee hadithi za kunifikisha kwa mjukuu na kunirudisha."

Jioni hiyo hakuwasha feni. Alishona vifungo vya nguo za mtoto, mzee akimsimulia, na uzi ulipoisha ndipo alipotambua kuwa nje giza limeingia.

Asubuhi, akifunga mlango, mume wake alikuwa amesimama uani na suruali mkononi.

"Mama watoto, jana nimegonga ule ukuta mpaka mkono ukauma. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Sikusikia, baba watoto."

Akamtazama usoni kuona kama anatania. Akamnyooshea suruali. "Zipu imekufa. Nilitaka unishikizie jana hiyo hiyo."

Mama aliitazama zipu, akaona ni kazi ya dakika chache. Akatia ufunguo kwenye pochi.

"Ipeleke kazini kwetu, ghorofani. Kuna foleni. Umuulize mtu anaitwa Redio."