Jogoo Kwenye Mkutano wa Huruma

Nilialikwa Kunduchi kutoa mada kwenye mkutano wa wanasaikolojia na watetezi wa wanyama, maana nafundisha saikolojia katika chuo kimoja Chang'ombe. Mada yangu: kwa nini tunawahurumia paka na kuwala kuku. Mama mkwe aliposikia naelekea huko, akanikabidhi jogoo mwekundu, kafungwa miguu, nimpelekee dada yake, Bi Mwanaidi, ambaye ningelala kwake. Mama mkwe haambiwi hapana.

Asubuhi, nyumbani Mbagala, nilimtia jogoo kikapuni nikamfunika kanga. Dereva wa bajaji akaniuliza, "Braza, unaenda kumla wapi huyo?"

"Naenda kumtetea."

Alicheka mpaka Mtongani.

Hotelini Kunduchi nilikificha kikapu chini ya meza. Nilipofika penye maneno "kuku naye huogopa," jogoo akawika. Ukumbi mzima ukageuka. Nikakipandisha kikapu mezani, nikafunua kanga. "Huyu ndiye mfano wangu," nikasema.

Makofi! Mwenyekiti, mama mmoja mwepesi wa machozi, akamfungua kamba kwa mikono yake.

"Utamlinda?"

"Nitamlinda," nikaahidi mbele ya watu wote.

Jioni, kwa Bi Mwanaidi, nazi ilikuwa imeshakunwa.

"Shikamoo mama. Huyu haliwi, nimeahidi."

"Marahaba, mkwe. Umeahidi wewe. Mie sijaahidi."

Nilikula vipande viwili, na mchuzi nikaongeza.

Siku ya pili, mwenyekiti akatangaza kwamba mchana wajumbe wote wataenda kumjulia hali jogoo. Nikatoka mbio kumpigia simu Bi Mwanaidi. Tulipofika, uani alikuwa anatamba jogoo wa jirani. Mweupe pe!

Mwenyekiti akamtazama sana. "Huyu hakuwa mwekundu?"

"Tumemwogesha," akajibu Bi Mwanaidi bila kupepesa macho. "Vumbi la Mbagala si unalijua?"

"Maskini!" akasema mwenyekiti, na machozi yakaanza tena.

Nilirudi Mbagala na cheti na kikapu kitupu, nikijiona tapeli. Lakini Bi Mwanaidi ananiambia wajumbe bado wanapita pale na mtama, na jirani yake, kwa aibu, hathubutu tena kumchinja jogoo wake. Nimejifunza kwamba mkutano unaweza kweli kumwokoa kuku, ila si lazima awe yule mliyemkusudia.