Jumapili Alizotutoa Baba Nyumbani

Juzi nilikuwa saluni hapa mjini Wote nikingoja kusukwa, msichana wa saluni akafungua kopo la mafuta ya nywele, yale ya kijani ambayo harufu yake hutangulia mtu mlangoni. Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimejifunika uso kwa mikono yote miwili. "Kwani mafuta yanakusumbua, mathe?" akaniuliza. Nikamwambia si mafuta, ni nyuki. Akawatazama wenzake, wakacheka chini kwa chini, nami nikawaacha wacheke. Nyinyi sitawaacha hivyo, maana nyuki hao ni hadithi ndefu, na walikuwa wa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa nguo katika soko la Mukuyuni. Siku sita za juma aliinamia cherehani kwenye baraza la duka moja, pini mdomoni, utepe wa kupimia shingoni, akishona sare za shule. Alikuwa mtu wa kukaa. Hata mbuzi wetu akikata kamba, Baba hakumkimbiza. Alimwita kwa upole mpaka mbuzi mwenyewe akaona haya akarudi. Kwa hiyo mtaelewa tulivyoshangaa mtu huyu alipoanza kuwa na hobi.

Ilikuwa mwaka tuliomzika mdogo wetu. Tulikuwa wasichana watatu: mimi Mwende, kifungua mimba, Ndanu aliyenifuata, na Mumbua, aliyekuwa bado wa kubebwa mabegani. Kisha akazaliwa mvulana. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo Susu, ndiye nyanya yetu, mama yake Baba, akawa anamwita "mume wangu" na kumkaripia kwa kukaa mikono mitupu bila kumletea mkewe sukari. Tulicheka sana miezi ile. Kisha homa ikamjia mtoto ghafla, ikaenda naye.

Kanisa lilikuja, likaimba, likapika, likaondoka. Akina mama walimwambia Mama asilie sana, mtu aliyeokoka hujikaza, Mungu angempa mwingine. Mama akajikaza. Hakuwa na dada wa kumwegemea hapa kwetu. Kwao ni Migwani, mbali kule Kitui, na ndugu zake walirudi baada ya mazishi. Alijikaza mpaka akaacha kuimba jikoni, akaacha hata kutugombeza. Alitupikia, alitufulia, alitupaka mafuta kichwani Jumapili, lakini ukimwita aligeuka polepole kama aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Niliona kwamba Mama anatuondokea huku ameketi pale pale akichambua pojo, na sikujua ni nani wa kumwambia.

Jumapili moja, baada ya ibada na chakula, Baba alisimama akajinyoosha, akasema, "Wasichana, vaeni viatu. Twende tukarushe tiara."

Tukatazamana. Baba alikuwa ameitengeneza sokoni kwa siri, kwa vijiti na mabaki ya kitambaa cha bitana, na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, aliipinda kingo zote na kuzishona mara mbili. Ilipendeza mno. Ilikuwa pia nzito kama sweta. Alikimbia nayo bondeni, viatu vya kanisani vikipiga kelele, nasi nyuma yake tukishangilia. Ilipaa mpaka usawa wa paa la nyumba moja ya huko, ikafikiria kidogo, ikatua hapo hapo juu ya mabati, na nadhani ilioza huko.

Jambo moja lilinishangaza siku ile kuliko tiara. Baba alikuwa bahili wa betri za redio. Zikichoka alizianika juani juu ya jiwe, akazigeuza kama mtu anayeanika mahindi, ili apate taarifa ya habari ya siku mbili tatu zaidi. Lakini tulipokuwa tukitoka, aliichukua redio, akaiweka kwenye dirisha linaloelekea kwa jirani, akaifungulia mpaka mwisho. Ilikuwa saa ya salamu za wasikilizaji na nyimbo za injili. "Baba, redio!" nikamkumbusha. Akasema, "Iache, mama. Mama yako anapenda salamu." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la Susu. Mimi sikuwahi kumwona Mama akituma wala kupokea salamu yoyote redioni, lakini mtoto wa Kikamba habishani na baba yake mlangoni.

Baada ya tiara kukaja uvuvi. Tulikwenda kwenye bwawa, Baba akiwa na fimbo, uzi wa kushonea na pini aliyoikunja kwa meno. Tulikaa kimya mchana kutwa tukitazama uzi. Samaki wa bwawa lile, kama walikuwepo, walikuwa wameshiba. Tulipokuwa tukirudi Baba alitupitisha sokoni, akaingia mahali, akatoka na kifurushi cha gazeti. Nyumbani akamwekea Mama mezani, kifua mbele: "Haya, Mama Mwende. Tumevua."

Mama alifungua gazeti. Mumbua, ambaye hakujua kusitiri mtu, akauliza, "Baba, huyu samaki alikuwa anaogelea na nyanya na kitunguu?"

Mama aliinamisha kichwa. Nilimwona akibana midomo, na Baba alimwona vilevile. Alimtazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeona moshi mahali alipodhani moto umezimika. Mama alikula mkia wa samaki yule wote, akanyanyuka, akaenda kulala.

Mnajua watu walivyo. Sokoni walianza kumtania: "Fundi, siku hizi umeajiriwa kulea?" Baba alitoa pini mdomoni, akajibu kwamba amejiajiri mwenyewe, akairudisha pini. Wengine walisema maskini, amekosa mvulana, sasa anawafanya wasichana kuwa wavulana. Hilo nilisikia, likaniuma, lakini halikunizuia kuvaa viatu Jumapili. Niliamini nina baba aliyechelewa kujua kwamba anapenda michezo, na bahati yetu ni kwamba amejua tukiwa bado wadogo.

Kisha ukaja mzinga.

Ulikuwa wa babu, gogo lililochimbwa katikati, limelala miaka kwenye ghala la Susu. Ubavuni ulikuwa na alama ya ukoo wetu, iliyochomwa kwa chuma cha moto ili mtu asije akadai asali ya mwenzake. Susu aliposikia kwamba Baba anataka kuutundika pamoja nasi, alikataa. Mizinga ni ya wanaume, alisema, toka zamani. Msichana akiuzoea mzinga, nyuki huhama. Baba akamwambia, "Mwaitu, hata nyuki wenyewe hutawaliwa na mwanamke." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Susu alisonya mpaka kuku wakageuka, lakini ni yeye aliyekwenda kuleta kamba.

Tuliutundika kwenye mgunga mwishoni mwa shamba lake, mahali ambapo vilima vya Kilungu huonekana vizuri asubuhi. Baba alipaka nta ndani, akatuambia sasa ni kungoja. Kila Jumapili redio ilibaki ikipiga kelele dirishani, nasi tukapanda kwenda kuona kama wageni wamefika. Hawakufika, na hawakufika, mpaka Ndanu akapendekeza tuwatumie salamu redioni. Halafu siku moja tukaukuta mti unavuma. Baba alitushika mikono, akasema kwa sauti ya kanisani, "Fuata nyuki ule asali."

Kila mtu wa Ukambani anajua jinsi ya kuendea mzinga. Unakwenda jua likishatua, ukiwa na moshi wa kutosha, na mwili wako hauna harufu yoyote ya dukani. Baba alijua hayo toka utotoni. Lakini yeye alikuwa na Jumapili mchana tu, na baada ya kungoja majuma machache alitaka kuona kama wameanza masega. Basi tukaenda moja kwa moja kutoka mezani, jua likiwa utosini, wasichana watatu tumepakwa yale mafuta ya kijani vichwani mpaka yakatiririka shingoni, na Baba mwenyewe amejipaka kidogo kwa heshima ya Bwana. Alipanda mgunga na kijinga cha moto kilichotoa moshi mwembamba kama wa sigara. Akainama kuchungulia.

Sitaeleza sana. Sisi tuliwafuata nyuki, ila walioshiba ni wao. Nakumbuka mlio, na nakumbuka Baba akiruka kutoka tawini na koti lake la kanisani likifunguka. Alimfunika Mumbua ndani ya koti, akanisukuma mimi na Ndanu mbele, na yule mtu asiyemkimbiza mbuzi akakimbia. Hatukusimama kwa Susu. Hatukusimama mpaka nyumbani.

Tulifika mapema kuliko siku zote. Redio ilikuwa ikiimba dirishani. Chini ya wimbo kulikuwa na sauti nyingine, nami nikadhani stesheni mbili zimeingiliana, kama ilivyotokea nyakati za mawingu. Kisha nikasikia jina la mdogo wetu. Alikuwa Mama. Alikuwa akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, akimwita mtoto, akimwuliza kwa Kikamba cha kwao Migwani kwa nini aliondoka bila kumuaga.

Nilikwenda mbio mlangoni. Baba alinidaka bega. Alituvuta sote nyuma ya tangi la maji, akatukalisha chini. Jicho lake moja lilikuwa limezibika na mdomo umevimba hata maneno yalitoka kwa shida. "Tungoje kidogo," alisema. "Mama yenu anasikiliza salamu." Machozi yalimtoka katika macho yote mawili, hata lile ambalo nyuki hawakuligusa. Niliona, nikajiambia sumu ya nyuki ndivyo ilivyo.

Tungekaa pale mpaka salamu ziishe, kama tulivyozoea kukaa bondeni na bwawani. Lakini Mumbua alikuwa ameumwa sikioni, akashindwa kuvumilia, akapasua kilio.

Sauti ndani ilikatika. Mama alitoka mbio, leso inaburutika, macho mekundu, akatukuta tumepangana nyuma ya tangi. Alimtazama Baba. Uso wa Baba ulikuwa umeumuka kama mandazi yaliyotiwa hamira na mtu msahaulifu.

"Baba Mwende," Mama akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi," Baba akajibu kwa kile kilichobaki cha mdomo wake. "Tumevuna."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na sisi, ambao tulikuwa tumekaa na njaa ya kicheko hicho tangu mazishi, tukacheka naye huku tumevimba. Halafu kicheko kikageuka ndani ya kifua chake. Akakaa chini kwenye vumbi, akampakata Mumbua, na huku anang'oa miiba kwa ukucha, akalia mbele yetu, waziwazi, kwa sauti ile ile.

Baba aliingia ndani akaizima redio.

Kimya kilipoingia, kilio cha Mama kilifika kila mahali. Jirani, mama mmoja wa kanisa letu, akachungulia juu ya ua. "Kuna nini huko?" Baba akasimama wima na uso wake ule, akajibu kwa adabu, "Mama Mwende analia. Amefiwa na mtoto wake."  Nilingoja jirani aseme lile la kujikaza.  Badala yake alizunguka ua, akaketi vumbini kando ya Mama, akaanza kumng'oa Ndanu miiba.

Sisemi Mama alipona siku ile. Alirudi kidogo kidogo. Kwanza alinigombeza kwa sababu ya sufuria iliyobaki na ukoko, nami nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kwa furaha. Baadaye tukamsikia akiimba jikoni, wimbo nusu. Ila Jumapili iliyofuata nilivaa viatu, nikakaa mlangoni, na Baba hakuamka kitini. Alisema ana usingizi. Nyuki alimwachia jirani wa Susu, mzinga na alama yake vyote. Niliona tumeonewa. Kwa muda mrefu nilimlaumu Mama moyoni kwamba kurudi kwake ndiko kulikotunyima matembezi, na katika hilo nilikuwa sahihi, ingawa sikujua kwa nini.

Nilikuja kujua nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Baba ni mzee sasa, anashona vifungo tu. Siku moja nilikuwa nikiwasimulia wanangu mbele yake habari za babu yao mrusha tiara, mvuvi, mfuga nyuki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nyuki? Mimi naogopa nyuki toka nikiwa mtoto, mama. Babu yako alinicheka hadi akachoka. Na samaki, hata harufu yake hunitia kichefuchefu."

"Sasa ulikuwa unaenda kufanya nini?"

Alitafuta tundu la sindano kwenye mwanga kabla ya kunijibu. Akasema, "Hangelia mkiwepo. Na kama angelia peke yake bila redio, majirani wangesikia."

Miaka yote nimewaambia watu kwamba baba yangu alikuwa mtu wa hobi nyingi. Hakuwa na hata moja. Alikuwa na mke aliyehitaji kulia, na nyumba ya vyumba viwili yenye wasichana watatu ndani.