Mchoro Uliomngoja Mtani

Diodi ya leza haifi kama balbu. Balbu ikiungua inazima, unajua moja. Diodi inaendelea kuwaka. Inatoa mwanga mwekundu hafifu, kama kile kitaa cha redio kinachoonyesha kwamba umeme upo, na mtu asiyejua anaweza kukaa nayo akidhani ni nzima. Ukiielekeza kwenye karatasi nyeusi ndipo unaona kwamba hakuna moshi wala tundu. Nimeziona nyingi za namna hiyo, na kila mara hunitia unyonge ambao nimeshindwa kumweleza mke wangu. Yeye anaona kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi, na mwanaume mzima amekikalia kimya.

Kazi inayotulisha ni kutengeneza ving'amuzi, redio na taa za sola hapa Rahaleo, Mtwara. Leza si kazi, ni ugonjwa. Ulinianza nilipofungua mashine mbovu za kompyuta, zile zilizokuwa zikiandika sidii, ambazo maofisi ya mjini yalikuwa yanazitupa. Ndani yake mna diodi inayoweza kuchoma mbao. Shida ni kuilisha. Haitaki umeme wa kukisia, inataka mkondo uleule tangu inapowashwa hadi inapozimwa, na ukizidi kwa kufumba na kufumbua basi imekwenda. Kwa hiyo unaitengenezea saketi ndogo ya kuilisha, na saketi hiyo niliipenda kuliko hata mwanga wenyewe. Nachora, nafuta, nachora tena. Wenzangu wanacheza bao.

Tulikuwa na kundi letu kwenye simu, wagonjwa wa ugonjwa huohuo, wengi wetu hatujawahi kuonana. Kila mchoro tuligawiana bure, lakini kwa sharti moja: hauwekwi kwenye hazina ya kundi mpaka mtu mwingine aujenge kwa mikono yake, kwa vifaa vinavyopatikana kwao, aupime, atume picha ya mita. Jina lake linaandikwa chini ya jina la aliyechora. Aliyechora haaminiki. Si kwa ubaya, ila yeye anajua waya upi wa kuushikilia wakati wa kuwasha, na hata haoni kwamba anaushikilia. Nimewahi kugombana na watu kwa ajili ya sharti hilo. Nililipenda kwa sababu lilimkomesha kila mjuaji, na mimi nikiwemo.

Mjaribu wangu alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye mji mdogo wa pwani upande wa Msumbiji, fundi wa simu. Tulikutana mara ya kwanza kwenye kundi, kisha akaja Mtwara kumsalimia mjomba wake anayekaa Magomeni, na akanitafuta. Tulikwenda pamoja kwenye duka la vipuri la Mhindi mmoja mjini, mzee wa watu aliyetuachia kuchambua makopo yake ya vifaa vya zamani huku akisoma gazeti. Tulitoka jioni na mikono myeusi. Tangu siku hiyo nilikuwa na rafiki, na zaidi ya rafiki, kwa sababu yeye ni Mmakonde na mimi ni Mmakua. Sisi ni watani. Asubuhi yangu ilikuwa haijaanza mpaka nimtukane.

Alinipa sababu za kutosha. Kwenye saketi hizi kuna kapasita, kikopo kidogo kinachotunza umeme. Unapoijaribu saketi bila diodi, kikopo kinajaa. Kabla ya kuifunga diodi lazima ugusishe miguu ya kikopo kwa bisibisi mpaka kimalize umeme wake, la sivyo kitaumwaga wote kwenye diodi kwa mpigo. Yeye alikuwa akisahau. Kwao umeme ulikuja na kuondoka, na alikuwa na mazoea ya mafundi wa huko: ukiuona umerudi, unawahi. Aliwahi, akafunga, akaua diodi niliyompelekea. Nikampelekea nyingine kwa mchuuzi aliyekuwa akivuka. Akaiua nayo.

"Mmakonde huwezi kupewa kitu kidogo," nilimwandikia. "Wewe umezoea gogo la mpingo."

"Nyamaza wewe," akajibu. "Diodi ingekuwa panya, wewe Mmakua ungekuwa umeshaila."

Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniangalia vibaya. Lakini nilikaa na jambo lile kichwani. Kama saketi inahitaji mtu akumbuke kitu kila mara, basi kosa ni la saketi. Nikaanza kuchora nyingine, yenye transista inayoupandisha mkondo taratibu, ambayo kikopo chake kinajimaliza chenyewe mara unapozima. Ilinichukua masika yote. Nilipoimaliza nikamtumia mchoro na diodi ya tatu, nikamwambia wewe ndiye mjaribu. Ikisalimika mikononi mwako, itasalimika duniani kote. Akajibu kwamba ameipokea, ameiweka kwenye kisanduku chake, anasubiri transista. Akaniambia nimwombee.

Kisha kwao kukaharibika. Tulikuwa tunasikia habari za watu wenye silaha sehemu za mbali zaidi, na yeye mwenyewe alikuwa akisema hayo mambo yako mbali. Halafu yakawa hayako mbali. Watu walianza kuvuka mto na vifurushi kichwani. Ujumbe wangu ulikwenda ukabaki na tiki moja. Nikatuma mwingine, wa matusi, nikitumaini kwamba tusi litamfikia hata kama salamu imeshindwa. Tiki moja. Nikipiga, sauti ya mashine inaniambia kwa Kireno kitu ambacho sihitaji kukijua Kireno ili nikielewe.

Kwenye kundi watu waliuliza mchoro umefikia wapi. Fundi mmoja wa Morogoro, kijana mwenye adabu, akasema transista anayo na diodi anayo, angeweza kuujenga siku ileile. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia mchoro huu una mtu wake. Aliomba radhi, na kuomba kwake radhi kukaniudhi zaidi. Hakuna aliyesema tena, lakini nilijua wanachofikiri, kwamba nimeukalia mchoro ambao ungewaokolea watu vifaa vyao. Walikuwa na haki. Ila mimi niliona hivi: mchoro ukingali unamngoja, basi yupo mtu wa kungojwa. Siku nitakapomwachia mwingine, nitakuwa nimesema kitu ambacho hakuna aliyenithibitishia. Nikabaki hivyo, mkaidi, nikichokoza wateja, nikishindwa kulala mchana wa Jumapili ambao ndio usingizi wangu pekee wa raha.

Dada yake alinikuta dukani. Mwanamke mwembamba, mtandio wake umefungwa vizuri, viatu si vyake. Aliuliza kwa Kiswahili kizito cha ng'ambo kama mimi ndiye yule Mmakua wa miale. Nikajua ni nani kabla hajamaliza. Nikamtolea kiti, nikampelekea maji, na sikumuuliza kitu kwa sababu niliogopa.

Alisema yeye amevuka, yuko kwa mjomba Magomeni. Kaka yake hakuvuka.

"Tulitoka pamoja," alisema. "Tulikuwa tumeshafika kwenye mihogo, tunaelekea mikokoni. Akajipapasa. Akasema amesahau kisanduku. Nikamwambia kaka, achana nacho. Akasema kuna diodi ya mtani, hii ya tatu sasa, nikiipoteza hii atanicheka maisha yangu yote. Akasema tangulieni, nawafuata hapohapo."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Kisha akaniuliza, kwa sababu kweli alitaka kujua, "Ni kitu gani hicho, fundi?"

Nilifungua mtoto wa meza nikamwonyesha. Ninazo nyingi, zimelala kwenye chupa ndogo. Aliichukua moja, akaiweka kiganjani, akaitazama. Nikamwambia inatoka kwenye mashine mbovu ambazo watu wamezitupa. Nikamwambia ningempelekea nyingine, na nyingine, hata kumi. Alinirudishia taratibu, akaifunika mwenyewe chupa yangu, akaaga. Nilifunga duka nikakaa ndani. Nilimkasirikia mtani wangu. Nilimkasirikia mno, yeye na kisanduku chake na ulimi wangu, na kisha nikakosa hata nguvu ya kukasirika.

Baada ya muda dada alirudi. Safari hii hakukaa.

"Mjomba anasema tusome dua Ijumaa, baada ya swala," alisema. "Awe hai awe amekufa, Nnungu ndiye anayejua. Nawe uje."

"Nitakuja, dada."

"Uje kama mtani."

Kwetu kusini mtani ana kazi yake msibani. Wakati wenye msiba wanalia, yeye anafanya vituko. Anamwigiza marehemu, mwendo wake na kusema kwake, anazuia chakula kisipite, anadai vitu, anawatukana wafiwa mpaka wacheke, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Ila anafanya hayo kwa mtu aliyekufa. Dua unaweza kumsomea mtu aliye safarini. Vituko vya mtani hufanyiwi ukiwa hai.

"Nitakuja kama rafiki," nikasema.

"Marafiki wapo. Mtani ni wewe."

"Dada, hatuna mwili. Hatuna hata mtu aliyeona."

"Mimi nimemngoja pale mikokoni," alisema. "Nimemngoja mpaka watu wa mtumbwi wakanibeba. Wewe umemngojea wapi?"

Aliondoka.

Ijumaa ile nilikwenda Magomeni nikiwa bado sijaamua. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani, chini ya turubai, wanaume upande huu, wanawake upande ule karibu na jiko. Mjomba mtu, mzee mfupi mwenye kikohozi, aliniketisha karibu naye na kunishika mkono kwa muda. Dua ilisomwa, tukaitikia amina. Kisha kukawa na kimya kibaya, kile cha watu wasiojua kama wamefiwa. Wanawake hawakulia kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa kulia. Sinia la wali lilikuwa linakuja. Nilimwona dada amekaa wima ukutani, macho makavu, ananitazama.

Nikasimama. Nikalizuia sinia.

"Hakuna mtu kula hapa," nikasema. "Nyie Wamakonde ni wezi. Mtu wenu ameondoka na mali yangu."

Vichwa viliinuka. Mjomba alinitazama sana, kisha akainamisha uso, nikajua ameniruhusu.

Nikachukua kijiko na kikombe cha kahawa. Nikakaa kama alivyokuwa akikaa, goti moja juu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Nikakikaribia kikombe mpaka pua ikagusa. Nikapuliza moshi ambao haupo. Nikajifanya nimeona taa imewaka, nikaruka. "Umeme! Umeme umerudi!" nikasema kwa sauti yake ile ya puani, na nikahangaika kutafuta kijiko ambacho nilikuwa nimekishika mkononi, nikakanyaga mkeka, nikakiangusha kikombe, nikaunganisha kijiko na kikombe kwa haraka, kisha nikaganda. Nikakitazama kikombe. Nikamtazama mjomba. "Mjomba," nikasema, "mbona inawaka lakini haiumi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wengine. Mjomba alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Hakuna hata mmoja aliyejua diodi ni nini, lakini wote walikuwa wanamjua yeye, na ndiye yule. Nikaendelea. Nikawadai. Nikasema sitoki hapa mpaka nirudishiwe mali yangu, nikajilaza kifudifudi katikati ya mkeka, mikono nimeitanua, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na kwa sababu uso wangu ulikuwa umeshaniharibikia.

Nikiwa nimelala hivyo nilimsikia dada. Alikuwa anacheka. Alikuwa anawaambia wenzake, "Hivyohivyo. Hivyohivyo alivyokuwa," na cheko likapanda, likakatika, na kikatoka kilio. Mjomba aliniambia baadaye kwamba tangu avuke mto hakuwa ametoa chozi. Wanawake wengine wakaitikia, na ua mzima ukajaa. Sinia likapita juu yangu. Sikuinuka mpaka mjomba alipokuja kunishika bega.

Alasiri nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka bajaji. Nikamwandikia yule kijana wa Morogoro kwamba anaweza kuujenga ule mchoro. Alijibu palepale, kwa adabu zake, akauliza kama rafiki yangu amepatikana.

Nikamjibu kwamba tumemzika leo.